Saa za Kusubiri

Tulikutana Makole, kwenye ukumbi wa kukodi
ambamo juzi palifanyika mahafali ya chekechea;
herufi za karatasi bado zimening'inia ukutani: HON ERA.
Marubani kumi na tisa. Kumi na wanane tumekaa,
mmoja yuko hewani.

Kapteni Mughwai aliusoma mkataba
kama asomavyo orodha ya ukaguzi kabla injini hazijawashwa,
kidole mstarini, harukii hata nukta.
Nyongeza, asilimia kumi na moja.
Bima, mwenza na watoto wanne
(Ndahani, baba wa sita, akakohoa, tukacheka).
Kisha kifungu cha saba, sauti ikapunguza mwendo:
"Saa za kusubiri ardhini hazitahesabiwa kuwa kazi."

Viti vya plastiki vikaanza kulia.

Nani asiyejua kusubiri, Dodoma?
Unawashusha wakubwa saa moja asubuhi,
watarudi saa nane, au saa kumi, au kikao kimeongezwa.
Unakaa chini ya bawa. Kivuli kinahama, unakifuata,
shati jeupe linageuka rangi ya njia ya Kongwa.
Hulali, huenda ukaitwa.
Zabibu unanunua kilo mbili za nyumbani
na kufika jioni umebaki na vikonyo.
Hiyo, wanasema, si kazi.

Sechelela akasimama, mdogo kuliko wote,
mabega yake yana mistari miwili tu.
"Nyumba ya baba yangu Mpwapwa iko benki
kwa ajili ya ada ya chuo changu cha urubani.
Nyinyi mnapigania kivuli. Mimi napigania bati.
Tutie saini."

Ukumbi ulinyamaza. Ndahani akamuunga mkono:
"Jamani, ndege mmoja mkononi ni bora kuliko kumi mtini."

Tluway, wa nyuma kabisa, hakuinuka hata kwenye kiti:
"Ndege hatuna hata mmoja, kaka.
Ndege ni wao. Cha kwetu ni hiyo mikono."

Mimi ni katibu. Mwezi wa tatu niliandika mapendekezo yetu
kwa mkono wangu, mezani, mtoto akiumwa surua:
*zitahesabiwa*.
Wamenirudishia sentensi yangu nzima,
wameongeza *ha* tu mbele.
Sikulisema hilo. Niliona haya, sijui kwa nini.

Kura tulizitia kwenye kofia ya Mughwai.
Nikazimwaga, nikazihesabu, nikarudia.
Tisa. Tisa.

Imebaki ya Chidawali, anatoka Kigoma kupitia Tabora,
yuko kazini tangu alfajiri.
Tukatoka nje bila kuambiana.
Upepo wa Agosti ulikuwa umeshika mji kwa ubavu,
mifuko inapaa, vumbi linaingia kwenye meno.
Tukaziona taa zake, zimekaa upande upande,
pua inatazama kwingine, mwili unakwenda kwingine.
"Aghairi," Sechelela akanong'ona. "Aghairi."
Akaghairi. Injini zikanguruma, akapanda, akapotelea gizani,
na sisi kumi na wanane tukashika pumzi
pasipo aliye upande wa ndiyo wala wa hapana.

Mara ya pili magurudumu yalishika.

Aliingia ukumbini saa mbili kasorobo, macho mekundu,
akauliza kama kuna maji.
Alikunywa. Akaketi. Nikampa karatasi na kalamu,
Mughwai akaanza tena, ukurasa wa kwanza.
Hakufika nyongeza.
Kidevu cha Chidawali kilikuwa kimeshatua kifuani,
karatasi tupu juu ya goti.

"Nimwamshe?"
"Mwache kidogo," akasema Sechelela.
"Tusubiri."

Nikafungua daftari la kumbukumbu.
Nikaandika: *Wajumbe wanasubiri.*
Nikatazama ukutani, nikaandika na saa.